Midomo Inayoonyesha Njia: Ishara na Adabu katika Jamhuri ya Dominika



Nitazungumzia namna watu wa Jamhuri ya Dominika wanavyosemezana bila kufungua kinywa. Niondoe kwanza mkanganyiko mmoja: nchi ninayoikusudia ni ile inayozungumza Kihispania, iliyoshika upande wa mashariki wa kisiwa cha Hispaniola katika Karibi, ikipakana na Haiti. Kisiwa cha Dominica ni nchi nyingine kabisa. Wadominika ninaowazungumzia ni kama milioni 11 nchini mwao, na wengine zaidi ya milioni 2 wenye asili ya huko wanaishi Marekani, wengi wao New York na miji ya jirani.

Mada hii imeharibiwa na maandishi mepesi. Vitabu vya watalii huorodhesha ishara, hii maana yake hivi na ile maana yake vile, kisha mwandishi humalizia kwa kusema kwamba watu wa Karibi wana damu moto, ndiyo sababu mikono yao haitulii. Maelezo hayo nayapinga. Kwa Wadominika ishara ni adabu kwanza, habari baadaye. Kabla haijakuonyesha sabuni iko rafu gani, imekwisha kukuambia: nimekuona, najua upo, na kati yangu na wewe kuna kitu. Tukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana kama vituko yanapata mantiki, na hata ugomvi mmoja maarufu wa uwanjani, ambao nitaufikia baadaye, unaeleweka.

Tuanze na midomo. Kila mtaa wa Santo Domingo na karibu kila kijiji kina colmado, duka dogo linalopima mchele na mafuta, linalouza salami kwa kipande na bia ya baridi, na mbele yake kuna viti vya plastiki na muziki wa kutosha mtaa mzima. Umesimama kaunta, unauliza sabuni. Muuzaji ameshika kisu kwa mkono mmoja na salami kwa mwingine. Hakiinui kidole. Macho yake yanakwenda kwenye rafu, kichwa kinafuata kidogo, halafu midomo inachongoka mbele kwa muda usiozidi kupepesa jicho, na kurudi mahali pake. Amekujibu. Mgeni anayeikodolea macho midomo peke yake hukosa shabaha, kwa sababu mwelekeo wenyewe umo machoni. Midomo inakuambia tu kwamba sasa ndipo utazame. Mtafiti N. J. Enfield aliliona jambo hilo hilo alipochunguza watu wa Laos, akaandika juu yake mwaka 2001.

Kwa hiyo kuonyesha kwa midomo si mali ya Wadominika peke yao. Joel Sherzer aliandika mwaka 1973 kuhusu Waguna wa visiwa vya San Blas, Panama, wanaofanya vivyo hivyo. Olanike Ola Orie, mwaka 2009, alieleza jinsi Wayoruba wanavyoonyesha kwa midomo pamoja na vidole, na kanuni za nani aonyeshwe kwa kiungo gani. Wapo wanaotaka kuamua haraka kwamba Wadominika waliirithi ishara hii kwa Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya 1492, na wapo wanaotaka iwe imevuka bahari na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Ishara haiachi mifupa ardhini, wala haiandikwi katika daftari la forodha. Mimi natosheka kuiona inavyofanya kazi leo.

Na kazi yake ni ya heshima. Kumnyooshea mtu kidole ni kumshitaki, jambo ambalo wasikilizaji wangu hawahitaji kuelezwa. Zaidi ya hapo, kidole huonekana na mtaa mzima, lakini midomo huonwa na yule tu anayekutazama usoni. Mama aliyekaa kwenye galería, yaani varanda ya mbele ya nyumba, anaweza kumwonyesha shoga yake kijana fulani anayepita, wakamjadili asili hadi kaburi, na kijana akapita akisalimiwa vizuri na wote wawili bila kujua kitu. Sisi wa pwani tuna tabu kidogo hapa, kwa kuwa kwetu kumbinulia mtu mdomo ni kumdharau. Mswahili aliyefika Santo Domingo leo asubuhi anaweza kudhani anatukanwa na kila muuza maembe.

Pua nayo haikuachwa nyuma. Mdominika asiyekusikia huikunja pua mara moja, upesi, na kuiachia, na hapo ameuliza "unasemaje?" Watu wa Puerto Rico na Cuba wanaifahamu pia. Ni ishara inayofaa sana katika nchi yenye muziki wa sauti kubwa na pikipiki zisizohesabika, kwani swali linavuka barabara pasipo kupigwa kelele. Wageni hudhani wananuka. Kidole cha shahada kikipepea kulia na kushoto ni "hapana", na hakina chuki ndani yake: muuza parachichi kwenye taa za barabarani anakiona kupitia kioo cha gari, anakwenda gari la pili. Kuita mtu ni kiganja kikitazama chini na vidole vikijikunja kuelekea kwako, kama tunavyoitana sisi.

Ipo pia sauti ya "pss", ambayo hainipendezi hata kidogo inapotoka kwa wanaume waliokaa kibarazani ikimwelekea msichana anayepita. Ndiyo ile ile inayotumika kumwita mhudumu au rafiki aliye upande wa pili wa barabara, na hapo haina ubaya. Nimesema ishara ni adabu. Basi na utovu wa adabu unapitia mlango huo huo, na wanawake wa huko wanajua tofauti kwa masikio yao, hata wanaume wakijifanya hawaijui.

Sasa salamu, ambayo ndiyo moyo wa jambo. Mtu akiingia mahali walipokaa watu, ukumbi wa kusubiria daktari, saluni au basi dogo, husalimia wote kwa neno moja, na wote huitikia ingawa hawamfahamu. Anayepita karibu na watu wanaokula huwatakia mlo mwema. Mwanamke hubusiana na mwanamke, na mwanamume na mwanamke waliotambulishwa, busu moja la shavu la kulia ambalo mara nyingi ni shavu kugusana na shavu na midomo kulia hewani. Wanaume hupeana mikono, na waliozoeana huongeza kumbatio na kupigana mgongoni. Fundi ambaye mkono wake una saruji au grisi haruki salamu. Anakunja ngumi na kukupa kigasha au kifundo cha mkono, nawe unakishika. Hapa Mtanzania au Mkenya yuko nyumbani, kwa kuwa mafundi wetu hufanya hivyo hivyo. Tazameni mantiki yake: mkono mchafu ungetosha kuwa udhuru wa kutosalimiana, lakini adabu haikubali udhuru, inatafuta kiungo kingine.

Mtoto, hata akiwa na wajukuu, humwomba mzazi baraka anapomkuta na anapoagana naye, na mzazi humwitikia kwamba Mungu akubariki. Simu ikipigwa kutoka New York kwenda Santiago, ombi hilo hutangulia habari yoyote, hata ya msiba. Wanaosema shikamoo na kungoja marahaba watanielewa bila ufafanuzi. Na kinyume chake kinaeleweka pia: mtu aliyenyoosha mkono akaachwa nao hewani ametukanwa tusi ambalo hakuna neno la kulipima.

Niruhusuni nikae kidogo ndani ya gari. Santo Domingo ina magari ya abiria yanayoitwa conchos, magari madogo ya zamani yanayokwenda njia maalumu, kila moja likibeba abiria wawili mbele kando ya dereva na wanne nyuma. Gari haliandiki mwisho wa safari kwa herufi unazoweza kuzisoma kwa mbali. Dereva hupunguza mwendo, hupiga honi kidogo, hutoa mkono dirishani na kuonyesha kwa kidole njia atakayoshika: moja kwa moja, au kukata kushoto, au kulia kwenye makutano yanayofuata. Wewe uliyesimama ukingoni unajibu kwa kidole chako. Ukikipepea, gari limeshapita. Ukionyesha alikoonyesha yeye, limesimama. Mazungumzo yote hayo yamefanyika gari likitembea, jua likiwa utosini, na hakuna aliyepaza sauti.

Ukishaingia, mambo hugeuka. Nafasi ya watu watatu wamekaa wanne. Bila kuambiana, mmoja husogea mbele na mwenzake huegemea nyuma ili mabega yapate pa kukaa. Nauli hupita kutoka mkono hadi mkono mpaka kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia ile ile, sarafu ya mgeni ikikabidhiwa mgeni. Paja la mtu usiyemjua limebanana na lako. Hapo ndipo ninapoona ustadi mkubwa kuliko ule wa midomo: kila abiria anaufanya mwili wake usiseme kitu. Macho yako mbele au dirishani, mikono iko mapajani au imeshika mfuko, pumzi haina haraka. Yule anayeshindwa kuunyamazisha mwili wake hutambuliwa papo hapo, na mwanamke aliyekaa naye atamwambia dereva asimamishe.

Januari 2009 treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa Santo Domingo, na njia yake ya kwanza inaunganisha Centro de los Héroes na Villa Mella. Huko kila kituo kina jina ukutani na mshale, na mikono ya watu imepumzika. Conchos hazikufa kwa hilo.

Mwanaanthropolojia Edward T. Hall, katika vitabu vyake viwili vya 1959 na 1966, alitufundisha kupima umbali ambao watu huuweka kati yao wanapozungumza, na tangu hapo imekuwa desturi kuwagawa wanadamu katika wale wa kusogeleana na wale wa kukaa mbali. Wadominika huwekwa kundi la kwanza bila kuulizwa. Ni kweli kwamba mtu atakushika mkono au bega akikueleza jambo, na kwamba ukirudi nyuma hatua moja atasogea hatua moja. Lakini wale wale wanaobanana kwenye concho hukaa wima na kwa utaratibu mbele ya afisa wa benki, na wale wale wanaoshikana mabega barazani hushusha macho mbele ya baba mkwe. Mtu mmoja ana umbali mwingi na anajua ni upi wa saa ngapi. Mgawanyo wa Hall ulifungua mlango mzuri, ila wengi waliompokea walikomea kizingitini.

Jioni, mbele ya colmado ile ile, meza imewekwa na dhumna zimemwagwa. Wachezaji wanne, wawili wawili, kila mtu akimtazama mwenzake, vipande 28 vikigawanywa saba saba. Mliokulia Zanzibar au Mombasa mnaujua mchezo na mlio wa kipande kinapokitwa mezani. Kumwambia mwenzako ulichonacho ni mwiko. Kwa sababu hiyo kila kitu kingine kinakuwa usemi: kuchelewa kidogo kabla ya kutoa kipande kunafichua kwamba ulikuwa na viwili vya kuchagua, na kutoa upesi mno kunafichua kwamba ulikuwa na kimoja. Wazee wa mezani husoma kusita kwa mtu kama wakili asomavyo mkataba. Mchezaji hodari husita kwa mwendo ule ule kila mara, mwenye kimoja au mwenye vitano, ili asisomeke.

Ipo ishara moja inayotuhusu kwa karibu zaidi. Wadominika husonya. Meno yamefungwa, hewa inavutwa, na mtu amepuuzwa. Mwaka 1976 John Rickford na Angela Rickford walichapisha utafiti kuhusu kusonya na kumkata mtu jicho, wakianzia Guyana, kwao John, na kuendelea katika nchi nyingine za Karibi na kwa Wamarekani weusi. Waliwauliza pia Waafrika wa makabila mbalimbali, wakaikuta ishara na majina yake katika lugha za bara hili. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ni urithi wa Afrika uliofika upande ule kabla ya vitabu kuutambua. Miaka tisa baadaye Carol Eastman na mwanazuoni wa Mombasa Yahya Ali Omar walichapisha makala kuhusu ishara za Waswahili, wakionyesha jinsi mwendo wa mkono au uso unavyokwenda na kiingizi chake. Kazi hizo mbili zikilazwa meza moja, msonyo wa Santo Domingo hauonekani tena kama kituko cha mbali.

Urithi huo una mahali pa kuuona mchana kweupe. Villa Mella, pale treni inapoishia, ina udugu wa Congos wa Roho Mtakatifu, ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2001 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa wanadamu. Wanachama wake hupiga ngoma katika sikukuu ya Roho Mtakatifu na katika mazishi. Miaka mitatu baada ya kifo hufanyika ibada iitwayo banko. Hutengenezwa mwanasesere anayemwakilisha marehemu, naye huwaaga walio hai, na waalikwa wote hucheza. Marehemu hana kinywa cha kuagia. Anaagiwa na mwili mwingine, na waliobaki hujibu kwa miguu. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba kwa watu hawa kuagana ni wajibu ambao hata kifo hakimfutii mtu.

Lazima pia niseme neno kuhusu mpaka. Mwaka 1937, kwa amri ya mtawala Rafael Trujillo, askari waliwaua maelfu ya Wahaiti na Wadominika wenye asili ya Haiti katika maeneo ya mpakani. Makadirio ya wanahistoria kuhusu idadi yao yanapishana sana. Inasimuliwa kwamba waliokamatwa walitakiwa kutamka neno la Kihispania la jani la kitoweo, perejil, na ulimi ulioshindwa na matamshi ukawa hukumu. Sauti ilitumika kuwatenga watu walioishi pamoja. Nami kila nikiisoma habari hiyo nafikiri kwamba kama askari wale wangewatazama tu waliosimama mbele yao, namna ya kusonya, ya kuita kwa kiganja cha chini, ya kushika kiuno kwa mikono miwili, wasingepata mpaka wowote. Leo hii, Jumatatu na Ijumaa, soko la Dajabón huwakutanisha wafanyabiashara wa pande zote mbili, na anayejua Kihispania cha shida humpata wa kumuuzia, kwa kuwa vidole vinataja bei na uso unaikataa.

Trujillo alitawala tangu 1930 hadi alipouawa tarehe 30 Mei 1961. Jiji kuu lilibadilishwa jina likaitwa kwa jina lake, nyumba zilitundika vibao vya kumkiri kuwa ndiye mkuu, na wapelelezi walijaa. Neno lililosemwa barazani asubuhi liliweza kufika polisi kabla ya jioni. Sidai kwamba ishara zilizaliwa wakati huo, maana zilikuwako. Ninachodai ni kwamba utawala wa namna hiyo huzipandisha thamani. Neno lina shahidi, lakini mkunjo wa pua hauna wa kuunukuu mahakamani. Utawala wenyewe ulilijua hilo, ndiyo maana ulidai miili ya watu itii, isimame na ipige makofi, na ibaki mahali mpaka iruhusiwe.

Tarehe 12 Oktoba 1949 familia ya Mirabal kutoka Salcedo ilialikwa kwenye sherehe ya Trujillo huko San Cristóbal. Mtawala alikuwa amemtamani binti yao Minerva, aliyekuwa na umri wa miaka 23, akacheza naye. Desturi iliyojulikana na kila mtu ilikuwa kwamba haondoki mgeni kabla ya Trujillo. Familia ya Mirabal iliondoka. Masimulizi ya mitaani yameongeza kofi, kwamba Minerva alimpiga mtawala usoni, na Julia Alvarez aliliweka kofi hilo katika riwaya yake ya 1994. Naelewa kwa nini watu wanalitaka. Lakini kisa hakilihitaji. Kuinuka na kutoka ukumbini kulitosha, na serikali ilikusoma kuondoka huko kwa ufasaha: baba yake Enrique alikamatwa, na Minerva na mama yake nao wakashikiliwa. Tarehe 25 Novemba 1960 Minerva na dada zake Patria na María Teresa waliuawa pamoja na dereva wao Rufino de la Cruz, kwa sababu ya upinzani wao wa miaka iliyofuata. Nikisema kwamba kunyima ishara ndilo tusi kubwa kuliko yote, nina maana ya jambo kama hili. Mtawala mwenye jeshi na magereza hakuweza kuvumilia viti vilivyoachwa wazi.

Kuhusu dansi nitapita haraka, kwa maana wengine wameieleza vizuri kuliko ninavyoweza. Merengue iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2016 na bachata mwaka 2019. Kwa mada yetu inatosha kusema kwamba kijana humwalika msichana kwa kiganja kilichofunguliwa na kidevu kilichoinuka kidogo, na kwamba mkono mgongoni ndio unaotoa amri zote za kugeuka na kusimama.

Nimalizie uwanjani, mahali ambapo ulimwengu mzima umeziona ishara za Wadominika bila kujua unachokiona. Besiboli ndiyo dini ya pili ya nchi ile, na hakuna taifa la nje linalopeleka wachezaji wengi katika ligi kuu ya Marekani kuliko wao. Ozzie Virgil alikuwa wa kwanza, mwaka 1956. Mwaka 1998 Sammy Sosa, mtoto wa San Pedro de Macorís, aliupiga mpira ukavuka uzio mara 66 katika msimu mmoja, na kila alipomaliza mzunguko alijigonga kifuani, akabusu vidole viwili na kumtumia mama yake busu kupitia kamera. David Ortiz alimpoteza mama yake katika ajali ya gari Januari 2002. Tangu hapo, kila alipovuka kituo cha mwisho, aliinua macho na vidole viwili vya shahada kuelekea mbinguni, mbele ya maelfu ya watu wa Boston, mwaka baada ya mwaka mpaka alipostaafu. Wanaume hawa wawili walikuwa wakifanya lile wanalofanya watoto wote wa kwao: walifika mahali, wakamsalimu mzazi kwanza.

Mwaka 2013 timu ya taifa ilitwaa ubingwa wa dunia bila kupoteza mchezo hata mmoja, na Fernando Rodney, mrushaji wa mwisho, akiisha kuwafunga wapinzani, alivuta upinde usioonekana na kurusha mshale angani. Watoto wa mitaani Santo Domingo wakavuta pinde zao.

Halafu ikaja tarehe 14 Oktoba 2015 mjini Toronto. José Bautista, mzaliwa wa Santo Domingo, alipiga mpira uliovuka uzio katika mchezo wa kuamua nani asonge mbele na nani arudi nyumbani. Alisimama. Alimtazama mrushaji. Kisha akalitupa gongo pembeni kwa nguvu, likazunguka hewani. Magazeti ya Marekani yalijaa hasira: ligi ile ilikuwa na sheria zisizoandikwa, na mojawapo ilisema aliyeshinda ainamishe kichwa na kukimbia. Bautista alijibu kwa makala aliyoandika mwenyewe, akieleza kwamba alikokulia mchezo huu huchezwa kwa moyo wote na hisia hazifichwi. Mei 2016, timu zile zile zilipokutana Texas, alimwendea Rougned Odor wa timu ya Texas kwa kuteleza vibaya, na Odor akampiga ngumi ya taya. Waliotaka kulifanya jambo hilo kuwa vita kati ya Wamarekani na Walatini walisahau kwamba Odor ni Mvenezuela.

Nimelitazama gongo lile likiruka mara nyingi kwenye video, na nina hakika kwamba waliokasirika hawakulisoma. Walidhani Bautista anawaambia kwamba wao si kitu. Kwa adabu niliyoieleza tangu mwanzo, mtu asiye kitu hatazamwi. Anasonywa na kuachwa. Bautista alisimama na kutazama kwa sababu pale palikuwa na mshindani wa kweli na saa ya kweli, na mwili wake ulikataa kujifanya kwamba hakuna kilichotokea.

Ligi yenyewe ilibadili mawazo. Mwaka 2018 ilitoa tangazo la televisheni la kuwataka wakosoaji wawaache vijana wacheze, likijaa magongo yanayorushwa. Mwaka huo huo aliingia Juan Soto, mwenye umri wa miaka 19, kutoka Santo Domingo. Soto asipoupiga mpira kwa kuwa amepima kwamba haukuwa mzuri, hupanua miguu, huinama, huburuta kiatu mchangani, hujishika nguo na kumkazia macho mrushaji, kana kwamba anamwambia: nimekuona, lete mwingine. Oktoba 2019, timu yake ya Washington ilipopambana na St. Louis, mrushaji Miles Mikolas alimtoa katika nafasi ngumu, kisha naye akajishika nguo vile vile kama Soto, mbele ya uwanja mzima. Waandishi walimkimbilia Soto wakitarajia ugomvi. Alisema hakuona ubaya wowote, kwa kuwa Mikolas alikuwa amemtoa.